Kamera ibaki kwenye sufuria

Ramadhani hii iliyopita nimetizama vipindi vya mapishi mpaka basi, maana kwetu TV inawashwa baada ya alaasiri na haizimwi mpaka adhana ya magharibi, na kila stesheni unayoweka kuna mtu kavaa eproni na vibakuli vya vioo vimepangwa mbele yake, thomu (kitunguu saumu) iko kibakuli chake, bizari kibakuli chake, hata chumvi ina kibakuli chake. Kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu sasa nataka nilitoe. Vipindi vimekuwa vingi mno, na vizuri kwa macho, taa, majiko ya kung'ara, sahani za kupendeza, lakini mtu akimaliza kutizama hajui kupika zaidi ya alivyokuwa anajua kabla hajakaa.

Ntaanza na kitunguu, kwa sababu hapo ndo unaona kila kitu.

Pilau yetu rangi yake inatoka kwenye kitunguu. Haitoki kwenye rangi ya paketi wala kwenye soya sosi (kuna watu wanatia siku hizi, nimeona kwa macho yangu). Kitunguu unakikata chembamba, unakitia kwenye mafuta ya kutosha, na unasimama hapo hapo. Mwanzo kinatoa maji na kinalegea, hakuna rangi yoyote, na wengi huchoka hapa. Halafu maji yanakauka, na ukisikiliza vizuri mlio wa mafuta unabadilika, unakuwa mkali zaidi, na vile vya pembeni mwa sufuria vinaanza kuwa vya dhahabu. Kuanzia hapo usiondoke hata simu ikilia, unakoroga tu, maana kutoka dhahabu kwenda rangi ya mdalasini ni muda mdogo sana, na kutoka hapo kwenda kuungua ni mdogo zaidi, na kikiungua pilau nzima inakuwa chungu, hakuna cha kuiokoa. Kikifika unatia nyama au supu kidogo, kinasimama pale pale na kinaachia rangi yake. Ndo zinakuja thomu na tangawizi, uzile (bizari nyembamba), pilipili manga, iliki, karafuu.

Sasa tizama TV wanavyofanya. Mpishi anamimina kitunguu, anakoroga mara mbili, anatabasamu, anasema "tunakiacha kitunguu chetu kiwe brauni", picha inakatwa, ikirudi kitunguu kishakuwa brauni na yeye keshashika kijiko cha bizari. Kile kipande walichokikata ndo somo lenyewe! Vilivyobaki vyote, kupima mchele, kutia chumvi, hata mtoto wa miaka kumi anaweza.

Mtoto wa dada yangu kaolewa mwaka jana, pilau kajifunza kwenye TV, kafuata kila kitu kama alivyoambiwa, kaandika na dakika, pilau ikatoka nyeupe mpaka mama mkwe wake akauliza kama ule ni wali wa nyama. Masikini wa Mungu, hakukosea yeye. Kipindi kilimwambia kitunguu dakika tano. Hakuna kitunguu cha pilau duniani kinachoiva dakika tano.

Sisi hapa TV si kitu kigeni kwetu. Televisheni Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati wenzetu wa Bara walikuwa hawana TV kabisa mpaka 1994. Mie nimekulia kwenye nyumba isiyokuwa na TV, tulikuwa tunakwenda kwa jirani, tunavua viatu mlangoni tunakaa chini kwenye mkeka, na mapishi ya enzi zile kwa macho ya leo yangeonekana mabaya sana. Meza moja, kitambaa cha maua, kamera imesimama haitikisiki, mama mtu mzima anaongea taratibu, watoto tunasinzia. Lakini bibi zetu na mama zetu walikuwa wanatizama kweli kweli, mmoja ana daftari, wengine wanabishana, "huyo katia tui mapema, litakatika", na kweli unaona tui linakatika! Kwa sababu kamera haikuwa na pengine pa kwenda. Ilibaki kwenye sufuria na wewe ukabaki nayo.

Na si kwetu tu. Marekani yule mama Julia Child alianza kipindi chake Boston mwaka 1963, tayari ana miaka 50, mrefu, sauti yake ya ajabu, anafundisha mapishi ya Kifaransa, na walikuwa wanarikodi kipindi kikienda mfululizo bila kukatakata sana. Kuna kipande chake kimoja mashuhuri anageuza chapati nene ya viazi kwenye kikaango, anairusha, nusu inamwagikia kwenye jiko. Kaiokota vipande vipande kairudisha, kaibonyeza, na akaeleza kosa liko wapi, kwamba hakurusha kwa ujasiri kama inavyotakiwa, halafu akawaambia watu jikoni uko peke yako nani atakuona. Mtu aliyetizama pale kajifunza kugeuza. Leo kipande kile kingekatwa, wangepika chapati nyengine, na mtazamaji angebaki hajui kwanini yake inavunjika.

Mwaka ninaouona mie kama ndo njia panda ni 1993. Mwaka huo Marekani walifungua Food Network, stesheni nzima ya chakula peke yake. Mwaka huo huo Japani wakaanzisha Iron Chef, wapishi wawili wanapambana, wanapewa kiambato kimoja cha siri na saa moja, kuna majaji na mtangazaji anapiga kelele kama yuko uwanja wa mpira. Na mwaka huo huo tena India kupitia Zee TV ikaanza Khana Khazana ya Sanjeev Kapoor, ambayo ilidumu zaidi ya miaka kumi na tano. Wa India alisimama akafundisha, wa Japani akashindanisha, na dunia ikafuata njia ya Mjapani.

Hichi kipindi cha Kapoor watu wa hapa wa rika langu wanakijua kuliko wanavyokiri. Madishi yalipoanza kujaa juu ya mapaa Mji Mkongwe na Ng'ambo, Zee ilikuwa inaingia, na Kihindi wengi wetu tulikuwa tunakisikia kidogo kidogo kwa sababu ya sinema. Alafu viungo vyake ni vyetu, uzile, giligilani, manjano, iliki, karafuu, wala huhitaji mtu akutafsirie akishaweka mbele ya kamera. Anaongea polepole, anacheka, anakwambia kwanini anafanya anavyofanya, kwanini mtindi unatiwa moto ukiwa mdogo, kwanini bizari zinakaangwa kwanza. Mama yangu mzazi mpaka leo biriani yake ina kitu alichokitoa kwa yule bwana na hataki kusema ni kipi.

Baada ya hapo yakaja mashindano. MasterChef ya Uingereza ilikuwepo tangu 1990 na ilikuwa ya kistaarabu tu, lakini ilipofika Australia mwaka 2009 wakaigeuza kuwa mchezo wa kila usiku, watu wanalia, wanakumbatiana, saa inahesabu kurudi nyuma. Kabla yake kulikuwa na yule mpishi wa Uingereza Gordon Ramsay na mashindano yake ya Hell's Kitchen, matusi kwenda mbele, sahani zinatupwa. Mapema 2009 pia yakaanza ya Chopped huko Marekani, vikapu vyenye vitu visivyohusiana na dakika ishirini au thelathini za kupikia. Naelewa kwanini stesheni zinapenda, somo la kupika linatizamwa na anayetaka kupika, mashindano yanatizamwa hata na baba na vijana wasioingia jikoni mwaka mzima. Hata Food Network yenyewe usiku ikawa mashindano, mafunzo wakayasogeza mchana na wikiendi.

Lakini tizameni saa inafanya nini. Ikiwa una dakika thelathini utapika nini? Utapika samaki wa kukaanga, kipande cha nyama, sosi kidogo ya kuchora sahanini. Hutopika boko boko. Boko boko ngano inarowekwa, inachemka na nyama usiku kucha, halafu inapondwa na mwiko mpaka mkono unauma, mpaka nyama ipotee ndani ya ngano, ndo samli juu na kitunguu cha kukaanga. Hutopika pweza akalainika, wala halua, wala mkate wa ufuta maana unga unataka kulala ufure. Yaani saa inachagua chakula. Vyakula vyote vinavyotaka subira vinatolewa nje kabla mashindano hayajaanza, na mtoto anayekua anatizama hivo vipindi anaamini chakula kizuri ni kile cha haraka chenye majani juu, na kile cha bibi yake ni cha kizamani.

Kuna mashindano moja nayapa haki yake, yale ya kuoka ya Uingereza, Bake Off, yaliyoanza 2010. Pale wanasubiri. Wanakaa chini mbele ya oveni wanachungulia mkate wao, na yule jaji anakata kipande anabonyeza kwa kidole anaeleza huu haukufura vya kutosha, huu umekandwa kupita kiasi, na wewe uliyeko Michenzani unaelewa kwanini maandazi yako ya jana yalikuwa mazito. Na mwaka 2015 alipochukua ushindi Nadiya Hussain, mtoto wa Kibangladeshi na hijabu yake kichwani, fainali ikitizamwa na watu zaidi ya milioni 13, wallahi hapa kwetu kina mama ambao Kiingereza hawakijui walikuwa wanarushiana kile kipande anacholia na kusema hatojiambia tena kuwa hawezi. Nilikuwa nimekaa na mama mdogo, akafuta machozi na ncha ya kanga, akasema huyo ana mama yake kamfundisha.

Halafu kuna vile vya urembo mtupu. Netflix walianza Chef's Table mwaka 2015, muziki wa violini, moshi unapanda polepole, mpishi anaongea juu ya maisha yake na anatembea peke yake pwani. Vizuri sana, mie navipenda, nimetizama usiku kucha, lakini humo hamna hata chakula kimoja unachoonyeshwa toka mwanzo mpaka mwisho. Na wageni wanaokuja kupiga vipindi huku kwetu nao wameshika njia hiyo. Forodhani jioni, pizza ya Zanzibar, juisi ya miwa, kesho yake shamba la viungo Kizimbani mtu anapanda mnazi anaimba, basi, wameondoka. Wamekuja kisiwa ambacho kila nyumba kuna mama anajua kupika na hawakuingia jiko la mtu hata moja. Pemba hawafiki kabisa, wakifika wanapiga picha karafuu imeanikwa kwenye majamvi.

Vya kwetu wenyewe navyo vimeingia ugonjwa mwengine, wafadhili. Najua kipindi kinataka pesa, sikatai, lakini imefika hadi kila mchuzi lazima uingie kile kidonge cha supu na kila pilau ifunguliwe paketi ya masala iliyosagwa sijui wapi, kwa sababu ndo iliyolipia kipindi. Hapa! Kisiwa cha karafuu! Mtu anasimama mbele ya kamera Zanzibar anafungua paketi ya pilau masala na hajui kumwambia mtazamaji pilipili manga kiasi gani na uzile kiasi gani. Linaniuma hili kweli, kwa sababu watoto wa sasa wanaamini bizari ya pilau ni kitu kimoja kinachouzwa kikiwa unga, hawajui ni vitu vinne vitano vilivyotwangwa pamoja na kila nyumba ina kipimo chake.

Sasa nije kwenye kilichonirudishia moyo.

Simu. Mwanzo simu nazo zilikuwa zinaniudhi, maana zile video fupi za mapishi za mtandaoni za kina Tasty zilipoanza 2015 kila mtu akaiga, mikono miwili bila uso, kamera iko juu, kila kitu kinakwenda mbio, dakika moja keki ishaiva. Lakini YouTube kuna kina mama wa kwetu wanafanya kitu ambacho TV imeacha kukifanya. Kuna mmoja wa Pemba, simtaji maana hajaniruhusu, naona simu yake anaiegemeza kwenye kopo la maziwa, picha imekaa upande kidogo, kuku wanapita nyuma, na video zake ni ndefu, unaweza ukasali ukarudi bado anakuna nazi. Anakuna kweli, kakaa kwenye mbuzi, anaongea habari za bei ya nazi, anaweka machicha kwenye kifumbu, kile kichujio cha kusuka, anakamua tui la kwanza analitenga, anatia maji anakamua la pili, na wewe unaona la kwanza lilivyo zito na la pili lilivyo jepesi, wala haelezi sana, unaona.

Video yake ya mkate wa kumimina nimeitizama mara nyingi sijui kwanini, naitizama hata nikiwa sina haja ya kupika. Mchele umerowekwa toka jana yake, kausaga na tui mpaka umekuwa laini, hamira, iliki, sukari. Kauacha. Hapo tu ndo kaizima simu, kairudisha unga ulipofura na akafunua ukaona mapovu yamejaa juu, akauinua kidogo kwa upawa ukaona unavyoshuka kama utepe. Akatia sukari iliyobaki na ute wa yai. Sufuria ishapata moto na mafuta kidogo, kamimina, ukasikia "shhh". Moto wa chini mdogo, vitundu vikaanza kutoboka pembeni vikaja katikati, na yeye kakaa tu anasubiri, anamkaripia mtoto, anasubiri. Vilipofika katikati vyote na juu pakawa pakavu pakavu, kachukua sufuria kwa kitambaa akaigeuza kichwa chini juu ya seredani, lile jiko la makaa. Mkate haukuanguka! Umeshika chini ya sufuria, uso wake unatizama makaa. Anazungusha sufuria polepole anainama anachungulia chini, anazungusha, anachungulia, mpaka uso wote ukawa mwekundu, na anasema "msiwe na haraka hapa, mkiwa na haraka utaungua upande mmoja". Kwenye TV ningeonyeshwa mkate umewekwa oveni na baadae umetoka. Huyu kanionyesha mkate unavyoshikilia sufuria.

Na watu wanamuuliza chini, wanaishi Muscat, Dubai, London, watoto waliozaliwa huko, "bibi kama sina makaa?" naye anajibu, tia oveni moto wa juu, lakini simama nayo. Mtu kauliza kipimo cha mchele, kajibu vibaba viwili, mwengine kaja kauliza kibaba nini, kaambiwa pishi ni vibaba vinne, mabishano yakaanza, mwisho binti mmoja kapima nyumbani kwake kwa kikombe akaandika kwa faida ya wote. Hilo ndo darasa.

Kwa hiyo mie naomba, na naomba kwa dhati. ZBC, shirika letu la utangazaji, ipo, Azam TV wapo, vyombo wanavyo, kamera nzuri wanazo kuliko hilo kopo la maziwa. Chukueni kamera mbili, moja ya uso na moja ibaki kwenye sufuria isiondoke. Nendeni Wete, nendeni Micheweni, Mkoani, nendeni Makunduchi, muombeni mama mtu mzima apike chakula kimoja tu kwenye kipindi kimoja. Msimpangie vibakuli. Kama chakula kinachukua saa sita, rikodini saa sita, kateni picha pale anaposubiri tu, lakini pale kitu kinapobadilika, kitunguu kinapogeuka, tui linapotaka kukatika, wali unapopaliwa makaa juu, hapo msikate hata sekunde. Na muwaulize kwanini. Wengi hawajawahi kuulizwa, wanafanya kwa mikono tu, lakini ukimuuliza kwanini unatia tui zito mwisho atakwambia, na jibu lake litakuwa limekamilika. Mfadhili apewe dakika zake mwanzo na mwisho, katikati aachie chakula.

Wapishi wa harusi nao msiwasahau, wale wa masufuria makubwa wanaopika biriani ya watu mia tano kwa kuni, kuna mahesabu pale ya moto na maji ambayo sijawahi kuyaona kwenye kipindi chochote cha nchi yoyote, na wengi wao ni watu wazima sasa.

Mie natafuta video ya mkate wa ajemi toka unga unakandwa mpaka unabandikwa kwenye tanuri, iliyopigwa hapa hapa Unguja au Pemba, isiyokatwa. Sijaipata. Mwenye nayo, au mwenye mtu wake ana tanuri na anakubali tuje turikodi, aniandikie, ntakuja na simu yangu na nazi za kuwapelekea.